Aliye Nyuma Atapumzika Lini?

Majira ya kipupwe yana fadhili zake kwetu sisi tukaao Dar es Salaam. Tangu Juni hata Agosti jua hupunguza ukali wake, upepo wa kusini huvuma, na usiku watu wa Kinondoni na Temeke hujifunika mashuka ambayo mwezi wa Februari hawakutaka hata kuyaona. Katika nchi za Ulaya majira ya baridi huleta theluji, na watu wengi siku ya mapumziko hutoka pamoja na rafiki zao kwenda kutembea juu ya vilima vyeupe. Sisi theluji yetu ni ile ya Kibo tu, kilele chenye urefu wa mita 5,895, nayo yazidi kupungua mwaka hata mwaka. Lakini vilima vya kutembelea tunavyo, tena karibu na mji: vilima vya Pugu.

Huenda msomaji mmoja akauliza: Je, padre ana kazi gani ya kuzunguka vilimani siku ya Jumamosi, hali wagonjwa wapo na maungamo yapo? Swali hilo si baya. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alikwisha kulijibu zamani aliposema kwamba roho ya mtu huchoka kama mwili unavyochoka, na kwamba upinde uliovutwa daima mwisho wake huvunjika. Mapumziko ya halali si dhambi, bali ni sehemu ya busara. Lakini leo hatukusudii kusema juu ya mapumziko. Twakusudia kusema juu ya jambo lililotupata katika mapumziko hayo, ambalo tangu siku ile halikutuacha.

Vilima vya Pugu si virefu. Havifiki hata mita 400 juu ya usawa wa bahari. Hata hivyo, kwa Mkatoliki wa Tanzania ni vilima vya heshima. Hapo Wamisionari Wabenediktini walianzisha misioni yao mwaka 1888, na hapo hapo, tarehe 13 Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, misioni ile iliangamizwa. Baadhi ya watawa waliuawa, na wengine wakachukuliwa mateka. Hapo Pugu pia, katika shule ya Mtakatifu Fransisko, Mwalimu Julius Nyerere alifundisha mwanzoni mwa miaka ya 1950, hata alipoiacha kazi hiyo mwaka 1955 ili aitumikie TANU. Tena ardhi yake ina udongo mweupe wa kaolini, ufaao kutengenezea vyombo vya kauri, na mtu akipita penye machimbo yake hutoka na viatu vyeupe. Kijana mmoja wetu alisema kwa mzaha kwamba hii ndiyo theluji ya Dar es Salaam.

Basi, Jumamosi moja ya mwezi wa Julai tulikuwa watu 14. Walikuwapo walimu wawili, fundi cherehani wa Temeke, wanafunzi wa chuo, mama mmoja katekista, vijana wa kwaya, na mlinzi mmoja wa usiku kutoka Kinondoni, mtu wa makamo, mpole wa maneno. Baada ya Misa ya asubuhi tulipanda daladala hadi Gongo la Mboto, tukashuka, tukashika njia kwa miguu kwenda Pugu. Shabaha yetu ilikuwa kupita kando ya msitu mpaka tufike Kisarawe, tule chakula huko, ndipo turudi.

Hapa naomba niiache desturi ya ukurasa huu ya kusema "sisi", niseme "mimi", maana kosa lilikuwa langu. Mimi ndimi niliyetangulia. Nina miaka thelathini na kitu, miguu yangu ina nguvu, na seminarini nilizoea kutembea sana. Nilikwenda kwa mwendo wangu, na vijana wa kwaya wakanifuata kwa nyimbo. Yule mlinzi alikuwa nyuma tangu mwanzo. Nilimwona, wala sikumsahau, kila tulipofika penye kivuli nilisimama nikasema, "Tumngoje ndugu yetu." Tukaketi, tukanywa maji, tukacheka. Naye alipofika, mimi nilisimama nikajifuta vumbi nikasema, "Haya, sasa tumekamilika, twende." Nami nikajiona mchungaji mwema.

Tulifanya hivyo mara nne. Mara ya tano tulingoja, asitokee. Nilirudi nyuma peke yangu, nikamkuta ameketi chini ya mkorosho, viatu amevivua, macho mekundu. Nilimwuliza, "Kaka, kulikoni?" Akajibu kwa upole, "Hakuna neno, Padre. Nendeni tu. Mtanikuta hapa mkirudi." Nilimsihi anieleze. Ndipo niliposikia kwamba alitoka lindoni saa kumi na mbili asubuhi, akaja Misani, na kutoka Misani akaja nasi bila kulala wala kula, kwa sababu alipenda sana kuwa pamoja nasi. Kisha akasema maneno haya, bila hasira yo yote: "Padre, mnanisubiri, nami nashukuru. Lakini kila nikifika mnanyanyuka. Ninyi mmepumzika mara nne. Mimi sijapumzika hata mara moja."

Sikuwa na jibu. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Wenye nguvu walipumzika ingawa hawakuchoka, na aliyechoka hakupumzika. Tena jambo hilo lilitendeka chini ya jina zuri la kumngoja.

Wenzetu waliporudi na kutukuta, yule mama katekista hakusema mengi. Alifungua kikapu chake, akampa mihogo ya kuchoma na ndizi, akampa na maji. Kisha akaniambia, "Padre, sasa tukae wote mpaka yeye mwenyewe aseme twende. Na tukienda, yeye atangulie, sisi tumfuate." Kijana mmoja alinung'unika: "Lakini tulikuja kufika Kisarawe, hatukuja kukaa chini ya mkorosho." Kweli, Kisarawe hatukufika siku ile. Tulikaa, tukaongea, kisha tukarudi Pugu polepole, mlinzi wetu akiwa mbele.

Manung'uniko ya kijana yule tusiyadharau. Ndani yake mna swali la kweli, nalo ndilo swali letu la leo: Watu wakisafiri pamoja, mwendo ni wa nani? Je, mwenye nguvu ana haki ya kwenda kwa kadiri ya nguvu zake, na akimngoja aliye dhaifu amemtendea hisani? Au yule dhaifu ana haki juu ya mwendo wa wenzake?

Watu wengi watajibu kwamba ni hisani. Watasema: nguvu zangu nimepewa na Mungu, nami sikumwibia mtu, nikizipunguza kwa ajili ya mwingine, nimempa kitu kilicho changu, basi na anishukuru. Jibu hili lapendeza masikioni, lakini lina kasoro moja. Husahau kwamba tulianza safari pamoja. Kama ningaliondoka nyumbani peke yangu, mwendo ungalikuwa wangu, wala hakuna ambaye angaliweza kunidai. Lakini nilipomwambia ndugu yangu, "Njoo twende," palepale mwendo uliacha kuwa mali yangu, ukawa mali ya wote. Mtakatifu Tomaso afundisha kwamba haki ni kumpa kila mtu kilicho chake. Basi kama mwendo ni mali ya wote, aliye dhaifu ana fungu lake ndani yake. Na anayempa fungu hilo hampi sadaka, amlipa deni. Ndiyo maana tendo langu la kumngoja mara nne lilikuwa na ila. Nilimpa kama sadaka, tena sadaka ya makombo, kitu ambacho kilikuwa haki yake.

Maandiko Matakatifu yanatufundisha hivyo hivyo. Katika kitabu cha Mwanzo, Esau na Yakobo walipopatana baada ya ugomvi wa miaka mingi, Esau alitaka waondoke wote mara moja kwa mwendo wa watu wake wa vita. Yakobo akakataa kwa adabu. Alimweleza nduguye kwamba watoto wake ni wachanga na kundi lake lina mifugo inyonyeshayo. Wakikimbizwa siku moja tu, kundi litakufa. Yeye ataongoza polepole, kwa kadiri ya miguu ya watoto na ya wanyama. Angalieni, Yakobo hakusema atakwenda mbele kisha awangoje. Alisema mwendo wao ndio utakaokuwa mwendo wake.

Tena katika Kumbukumbu la Torati Waisraeli wakumbushwa jambo la Waamaleki. Dhambi yao ilikuwa nini hata isisahauliwe kizazi kwa kizazi? Waliwavizia Waisraeli njiani, wakawapiga wale waliokuwa nyuma kabisa, waliochoka na kuishiwa nguvu. Waamaleki walikuwa wabaya, hakuna shaka. Lakini tujiulize na swali la pili, lenye uchungu zaidi: wale waliochoka walikuwaje peke yao huko nyuma? Adui humpata aliyeachwa. Kijana ashikwaye na ulevi, msichana adanganywaye mjini, mjane anyang'anywaye shamba: mara nyingi, kabla ya Mwamaleki kufika, ndugu walikuwa wamekwisha kutangulia.

Labda mtu atasema: Je, basi ni haramu kwenda mbio? Hasha. Bikira Maria alipopashwa habari ya Elisabeti aliondoka kwa haraka kwenda nchi ya milima, wala Mwinjili hamlaumu kwa haraka yake, kwa sababu alikimbia kumwendea mwenye kuhitaji msaada. Iko haraka ya kumwendea mtu, na iko haraka ya kumwacha mtu. Hizi mbili hazifanani ila kwa vumbi. Na asubuhi ya Pasaka Petro na yule mwanafunzi mwingine walikimbia pamoja kwenda kaburini. Yule mwingine alikuwa mwepesi zaidi, akafika kwanza. Lakini alipofika hakuingia. Aliinama, akachungulia, akakaa nje mpaka Petro alipofika nyuma yake, na Petro ndiye aliyeingia kwanza. Hapo, wasomaji wapenzi, ndipo nilipoona kosa langu kama katika kioo. Mwepesi hakukatazwa kukimbia. Lakini alipofika, alimngoja aliye nyuma, na alipokuja akampa nafasi ya kwanza. Mimi nilifanya nusu ya kwanza tu.

Hata wale wanaotembea juu ya theluji wanajua jambo hili, maana huko kosa dogo huua. Katika karne ya 11 Mtakatifu Bernardo alijenga nyumba juu ya njia ya milima ya Alpi, mahali penye mita zipatazo 2,469, ili wasafiri waliopotea katika theluji watafutwe na kupokewa. Mwaka 1923 Baba Mtakatifu Pius wa Kumi na Moja, ambaye katika ujana wake alikuwa mpanda milima hodari, alimtangaza Bernardo kuwa msimamizi wa wapanda milima. Fikirini: Kanisa halikuwachagulia wapanda milima mtakatifu aliyefika kilele cha juu kuliko wote. Liliwachagulia yule aliyekaa njiani kuwangoja waliochelewa.

Na kwetu Kilimanjaro, waongoza wageni hawachoki kuwaambia watu "pole pole", hata neno hilo limekuwa maarufu duniani. Si adabu tu. Huko juu hewa ni nyepesi, na mara nyingi kijana mwenye kifua kipana aliyekwenda mbio siku ya kwanza ndiye aumwaye kichwa na kutapika siku ya tatu, hata ashushwe, na yule mama mnene aliyekwenda hatua kwa hatua ampita akiwa amelala hemani. Mlima huwafundisha wenye nguvu kwamba nguvu si kitu cha kutegemewa sana. Leo mimi ni wa mbele. Kesho homa moja tu yatosha kuniweka nyuma ya wote.

Tena tunaye mtakatifu mpya wa kuombea jambo hili. Pier Giorgio Frassati alizaliwa Torino, nchi ya Italia, mwaka 1901, mtoto wa nyumba tajiri. Alipenda sana kupanda milima yenye theluji pamoja na rafiki zake, akasali nao na kucheka nao huko. Akarudi mjini, akawatembelea maskini na wagonjwa katika vyumba vyao. Alikufa mwaka 1925, akiwa na umri wa miaka 24. Siku ya maziko yake jamaa zake walistaajabu kuona maskini wengi wa Torino wamejaa njiani, maana hawakujua kwamba mtoto wao alikuwa na rafiki wengi hivyo. Tarehe 7 Septemba 2025 Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Nne alimtangaza kuwa mtakatifu. Kijana huyu alikuwa na miguu ya kufika juu, lakini hakuitumia kuwakimbia walio chini.

Sasa tujibu hoja iliyobaki, maana ni ya haki. Je, kama kila mara tutakwenda kwa mwendo wa aliye wa mwisho, hatutaleta uvivu? Twajibu: mvivu na dhaifu si mtu mmoja. Mvivu anaweza ila hataki; dhaifu anataka ila hawezi. Mvivu astahili kuonywa, na kumwonya ni tendo la huruma. Lakini jihadharini, maana ukiwa mbele huwezi kumtambua nani ni mvivu na nani ni dhaifu. Kwa mbali wote wawili wanaonekana sawa. Mimi nilipomtazama yule mlinzi kutoka mbele, niliona mtu mzito wa kutembea. Nilipoketi karibu naye chini ya mkorosho, niliona mtu aliyekesha usiku kucha akilinda mali za watu waliokuwa wamelala. Kumhukumu aliye nyuma pasipo kurudi alipo ni kuhukumu gizani.

Na sasa turudi nyumbani, maana si wote watapanda vilima vya Pugu, lakini wote tuko safarini pamoja na watu. Mji wetu wapenda haraka. Mabasi yaliyoanza kazi mwaka 2016 watu waliyapa jina la "mwendokasi", na jina likawakaa. Si vibaya basi kwenda kasi. Ubaya ni pale daladala linapomwacha mtoto wa shule kituoni kwa sababu nauli yake ni ndogo, nasi tulioketi ndani tunatazama upande mwingine kwa kuwa twataka kufika. Katika nyumba zetu yupo mtoto mmoja asiyeshika masomo upesi kama ndugu zake. Tunamsomesha, tunamngoja, lakini akipata alama moja nzuri, badala ya kufurahi naye, twamwambia, "Dada yako alikwisha kupata hizi zamani." Huko ni kunyanyuka mara anapofika. Yupo bibi mzee ambaye sala yake ni ndefu na hadithi yake hurudiwa. Twamngoja amalize, naye ajua kabisa kwamba twamngoja amalize. Yupo mume anayekwenda Misani hatua ishirini mbele, na mkewe nyuma na mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Wakifika mlangoni mume amekwisha kuketi. Na katika parokia zetu, jumuiya ndogo ndogo hupanga michango kwa kadiri ya mwenye duka, kisha humhurumia mwuza mboga kwa kumwongezea wiki mbili. Je, hatungeweza kumwuliza yeye kwanza?

Hatusemi kwamba jambo hili ni rahisi. Linagharimu. Sisi lilitugharimu Kisarawe, na huenda wewe litakugharimu kitu kikubwa zaidi, hata cheo au fedha. Lakini tujiulize safari yetu ilikuwa ya nini. Kama shabaha ilikuwa kufika mahali, tulishindwa. Kama shabaha ilikuwa kuwa pamoja, basi tulishindwa mpaka pale chini ya mkorosho, na hapo ndipo tulipofika.

Lazima niseme pia yaliyotukia baadaye, nisije nikaonekana nimemaliza vizuri. Mwezi uliofuata nilimwalika tena ndugu yule. Alinishukuru sana, akasema ana zamu. Huenda ni kweli. Huenda pia alikwisha kujifunza kwangu kwamba yeye ni mzigo, na somo la namna hiyo hufundishwa kwa siku moja na huchukua miaka kufutika. Nimeazimu kumwendea huko alindako, usiku, nikae naye kitambo bila kutazama saa. Mniombee nisichoke njiani.

Nanyi, wasomaji wapenzi, Dominika hii mtakapotoka kanisani, geukeni mtazame nyuma. Yupo mtu. Mngojeni. Naye akifika, msinyanyuke upesi. Ketini naye kwanza.